SOMO LA TAWI: KISANDUKU KILICHOACHWA SIKU YA KUANDIKISHWA



Zamani karani wa shamba au wa kiwanda alikuwa na daftari kubwa la karatasi. Mfanyakazi mpya alipofika, jina lake liliandikwa kwa wino mbele ya macho yake. Palipokuwa na kosa, aliyejua kusoma aliliona, na asiyejua aliweza kumwomba mwenzake amtazamie. Siku hizi, katika viwanda na hata katika mashamba makubwa, daftari hilo limeingia ndani ya kompyuta. Mfanyakazi haoni tena kinachoandikwa juu yake. Huona matokeo tu: kadi ya getini inakataa, mshahara unakatwa, likizo haipo, au jina lake halimo katika orodha ya waliothibitishwa kazini.

Katika somo hili tutajifunza jinsi akaunti ya mfanyakazi inavyofunguliwa ndani ya kompyuta, na hasa jinsi habari za ziada juu yake zinavyojazwa au kuachwa. Si lazima mtu awe fundi wa kompyuta ili alielewe. Mwisho wa somo kila mwanachama aweze kufanya mambo matatu: kueleza kwa nini habari aliyoitoa getini inaweza isifike kwenye daftari, kutaja habari ambazo haki zake zinazitegemea, na kutaja habari ambazo mwajiri hana sababu ya kuziweka.

1. DAFTARI LA WATU

Ndani ya kompyuta za kampuni kuna madaftari mengi. Lipo la mishahara, lipo la ghala, lipo la mahudhurio. Lakini mara nyingi lipo pia daftari moja la watu, ambalo programu nyingine huja kuuliza: mtu huyu ni nani, yuko idara gani, aruhusiwe kupita mlango upi, apewe nini.

Madaftari ya namna hii si mapya. Kanuni za kwanza za kimataifa za kuyatengeneza, zinazoitwa X.500, zilitolewa mwaka 1988. Mwaka 1993 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani pamoja na wenzao walitoa njia nyepesi ya kuyasoma na kuyaandika, iitwayo LDAP. Baadaye kampuni ya Microsoft ikatoa daftari lake liitwalo Active Directory, lililokuja pamoja na Windows 2000, na hilo ndilo linalotumika katika maofisi mengi duniani.

Katika daftari hilo kila mtu ana ukurasa wake, unaoitwa akaunti. Ukurasa una visanduku, na kila kisanduku hubeba habari moja: jina, idara, namba ya simu, na kadhalika. Wataalamu huviita sifa. Sisi tutasema visanduku, ili tusichanganye na sifa za kumsifu mtu.

2. VYA LAZIMA NA VYA ZIADA

Visanduku ni vya aina mbili. Viko vya lazima, ambavyo visipojazwa akaunti haifunguki. Viko vya ziada, ambavyo akaunti hufunguka hata visipojazwa.

Sasa angalieni jambo hili. Katika kanuni za LDAP, ukurasa wa mtu una visanduku viwili tu vya lazima: jina linalomtambulisha, na jina la ukoo. Basi. Mwaka 2000 ulitolewa mpango mpana zaidi wa ukurasa wa mtu, wenye visanduku vya namba ya mfanyakazi, aina ya ajira, namba ya idara, na lugha anayoipendelea. Vyote hivyo ni vya ziada. Kompyuta haimlazimishi mtu yeyote kuvijaza. Zaidi ya hivyo, kampuni inaweza kujitengenezea visanduku vyake yenyewe, kama vile tarehe ya kuanza kazi au ukubwa wa mabuti.

Kwa hiyo akaunti yenye majina mawili tu ni akaunti halali machoni pa kompyuta. Kwa mfanyakazi ni ukurasa mtupu. Mambo yote yanayomfanya awe mfanyakazi mwenye haki yake, yaani alianza lini, kwa mkataba gani, anaelewa lugha ipi, yako katika visanduku vya ziada.

3. JINSI PROGRAMU INAVYOFUNGUA AKAUNTI

Wafanyakazi wakiwa wachache, karani anaweza kufungua akaunti moja moja kwa mkono. Wakiwa mia tatu katika msimu wa kuvuna, kazi hiyo hupewa programu. Karani huandaa jedwali la majina, kisha programu hulisoma mstari kwa mstari na kufungua akaunti moja kwa kila mstari.

Programu ni amri zilizoandikwa na mtu. Amri ya kufungua akaunti huwa na nafasi zake tayari kwa visanduku vya kawaida, kama jina na idara. Kwa visanduku vya ziada, mwandishi wa programu hana budi kuongeza orodha ya jozi. Upande wa kushoto huandika jina la kisanduku, upande wa kulia jibu lake. Kwa lugha yetu orodha hiyo ingekuwa hivi:

aina ya ajira = mkataba
lugha = Kiswahili
tarehe ya kuanza kazi = 3 Machi

Jozi iliyoandikwa hubebwa, isiyoandikwa haibebwi. Hapo ndipo penye fundo la somo letu. Tufuate safari ya jibu moja. Fomu ya getini ilimwuliza mfanyakazi lugha yake. Mfanyakazi akajibu. Karani akaandika katika jedwali. Lakini mwandishi wa programu hakuweka jozi ya lugha. Programu italisoma jedwali, itaipita safu ya lugha kana kwamba haipo, itafungua akaunti, na mwishoni itasema kazi imekamilika. Hakuna aliyekataa na hakuna aliyedanganya, lakini jibu limebaki njiani.

Ndiyo maana mfanyakazi husema, "Niliwaambia," na karani husema, "Niliandika," na wote wawili wanasema kweli.

Kuna mambo mengine matatu ya kukumbuka.

(a) Kisanduku kisichojazwa hakikai wazi kama mstari mtupu wa karatasi. Katika madaftari haya hakipo kabisa. Meneja akiomba orodha ya wafanyakazi wa lugha ya Kiswahili, asiye na kisanduku hatatokea. Akiomba orodha ya wa Kiingereza, hatatokea pia. Mtu huyo yuko kazini lakini hayuko katika orodha yoyote. Kumpata, lazima mtu aulize swali la namna nyingine: nani hana kisanduku hiki? Swali hilo ni nadra kuulizwa mpaka chama kiliulize.

(b) Mwandishi akikosea jina la kisanduku, au akitaja kisanduku ambacho daftari halikijui, daftari hukataa ombi lote na akaunti haifunguki. Kukataa huko ni afadhali, maana kosa linaonekana. Hatari ni pale mwenye haraka anapofuta mstari unaosumbua ili kazi ipite. Akaunti zitafunguka zote mia tatu, na kisanduku kitakuwa kimekufa kwa wote mia tatu.

(c) Wako wanaofungua akaunti kwanza, kisha wakarudi kujaza visanduku vya ziada kwa amri ya pili. Umeme au mtandao ukikatika katikati, amri ya kwanza imekwisha fanyika na ya pili haikufanyika. Unabaki ukurasa nusu. Lakini visanduku vikitolewa pamoja na ombi la kufungua, daftari hupokea vyote au hukataa vyote. Kwa hiyo kanuni njema ni moja: yanayojulikana siku ya kuandikishwa yaandikwe siku hiyo hiyo, katika ombi lile lile. "Tutajaza baadaye" ni ahadi isiyo na mwenyewe.

4. TAREHE YA KUANZA KAZI NA AINA YA AJIRA

Tuone sasa kwa nini jambo hili si la mafundi peke yao.

Kanuni za Ajira za Uganda za mwaka 2011 ziliweka kwamba mtu asiajiriwe kama kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Akiendelea na kazi baada ya hapo, apewe mkataba wa maandishi na kupata haki za mwajiriwa. Haki hiyo inasimama juu ya visanduku viwili: tarehe ya kuanza kazi, na aina ya ajira.

Daftari la kompyuta hujipigia lenyewe muhuri wa tarehe kila akaunti inapofunguliwa. Lakini tarehe ya kufungua akaunti si tarehe ya kuanza kazi. Tumchukue mfanyakazi Fulani. Alianza kazi tarehe 3 Machi na hakuacha hata siku moja. Mwezi Juni kampuni ilinunua kompyuta mpya, na akaunti zote zikafunguliwa upya tarehe 16 Juni. Programu haikubeba kisanduku cha tarehe ya kuanza kazi. Tarehe 3 Julai Fulani anatimiza miezi minne. Daftari linamwona mtu wa wiki mbili na nusu. Tena, kama mwandishi wa programu aliweka neno "kibarua" kuwa jibu la kila ambaye aina yake haikutajwa, Fulani atabaki kibarua hata akifanya kazi miaka mitatu.

Hapo Fulani akienda kudai, ataulizwa ushahidi. Mwajiri ataleta karatasi iliyotoka kwenye kompyuta, safi, yenye tarehe. Fulani ataleta maneno yake. Kwa hiyo kila mwanachama atunze hati yake ya kwanza ya mshahara, kadi yake ya kwanza ya getini, na nakala ya fomu ya kuandikishwa. Daftari la kompyuta likisahau, karatasi hizo zitakumbuka.

Tutazame pia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, uliowekwa na sheria ya mwaka 1985. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 10. Mfuko una daftari lake, lakini michango hufika huko kwa orodha anayoipeleka mwajiri. Namba ya mwanachama ikikosekana au ikikosewa katika orodha hiyo, fedha hazina njia ya kufika kwenye jina lililo sawa.

Sheria ya Mfuko ilirekebishwa mwaka 2022. Mwanachama mwenye umri wa miaka 45 aliyeweka akiba miaka 10 anaweza kuchukua mapema sehemu isiyozidi asilimia 20 ya akiba yake. Mwenye ulemavu anaweza kuchukua mpaka asilimia 50 akiwa na umri wa miaka 40, naye akiwa ameweka akiba miaka 10. Tazameni visanduku vinavyoamua: tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya mchango wa kwanza, na ulemavu. Kimoja kikipotea, mtu anaweza kungoja miaka mitano bure.

5. WENZETU WA NAKIVALE

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianzishwa mwaka 1958. Yamepokea watu wa Rwanda, Kongo, Burundi, Somalia na nchi nyingine, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazowaunganisha. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Wengine hupalilia migomba kwa kutwa katika Isingiro yenyewe, na wengine hutafuta kazi Masha au mjini Mbarara. Watu hawa wanajua habari ya madaftari kuliko wengi wetu, maana mgao wao wote huanzia kwenye kuandikishwa. Mwaka 2018 Serikali ya Uganda na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, walihakiki wakimbizi wa nchi nzima kwa alama za vidole na picha ya mboni ya jicho. Hesabu ya awali ilikuwa takriban milioni 1.4, waliothibitishwa walikuwa takriban milioni 1.1. Kila mmoja alijifunza kwamba kuwepo si kitu kama daftari halikuoni.

Mkimbizi anapofika kuandikishwa kiwandani hukutana na mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni jina. Tulisema kwamba jina la ukoo ni kisanduku cha lazima. Kanuni hiyo ilitungwa na watu ambao kwao baba na watoto hushiriki jina moja. Katika sehemu zetu, Ankole, Rwanda, Burundi, na kwa wengi wa Kongo, mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na mara nyingi si la baba yake. Karani anapobanwa na kompyuta hugawa majina anavyoona. Leo jina la kwanza limekuwa la ukoo, kesho kwa karani mwingine limegeuzwa. Siku ya malipo, majina ya orodha hayalingani na ya benki au ya simu, na fedha zinarudi. Dawa yake si ngumu. Mpangilio wa majina ufuate kitambulisho kimoja siku zote, na kiwepo kisanduku cha ziada cha jina zima kama lilivyoandikwa kwenye kitambulisho hicho.

Mtego wa pili ni tarehe ya kuzaliwa. Mtu asiyejua siku yake huandikiwa tarehe 1 Januari. Si kosa, lakini ni kadirio. Penye kadirio pawekwe kisanduku kinachosema hivyo, ili mtu akipata cheti chake baadaye asionekane mdanganyifu anapoomba tarehe irekebishwe.

Mtego wa tatu ni namba ya kitambulisho. Namba ya taifa ya Uganda, NIN, ina herufi na tarakimu 14. Programu ikiandikwa ikubali namba za mpango huo peke yake, kitambulisho cha mkimbizi kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu hukataliwa, ingawa mwenye nacho anaruhusiwa na sheria kufanya kazi. Hapo hutokea jambo la hatari: mtu huazima namba ya jirani ili apate kazi. Ndugu, mshahara, mchango wa uzeeni na fidia ya ajali vyote vitafuata ile namba. Mtu akiumia kwenye mashine, daftari litasema aliyeumia ni jirani. Tawi lidai visanduku viwili mahali pa kimoja: aina ya kitambulisho, na namba ya kitambulisho.

Tuongeze neno juu ya lugha. Katiba ya Uganda ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2005, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Basi si ombi la ajabu mfanyakazi kuandikiwa kwamba lugha yake ni Kiswahili. Kisanduku hicho ndicho kingemwezesha msimamizi wa usalama kujua ni watu wangapi katika zamu ya usiku hawawezi kusoma onyo la Kiingereza kwenye pipa la dawa.

6. SI KILA KISANDUKU NI CHEMA

Tusiondoke na wazo kwamba visanduku vikiwa vingi ndiyo haki inazidi. Historia yetu inatufundisha kinyume.

Katika Kenya ya ukoloni, sheria ya mwaka 1915 iliwalazimisha wanaume Waafrika kujiandikisha, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilianza kutekelezwa. Kila mmoja alibeba kipande ndani ya kopo la chuma lililoning'inia shingoni. Kipande kilikuwa na jina na alama za vidole. Kilikuwa pia na habari za ziada: mwajiri, mshahara aliokuwa akilipwa, na saini ya mwajiri ya kumruhusu kuondoka. Visanduku hivyo vya ziada ndivyo vilivyouma. Mwajiri mpya aliona mshahara wa zamani na hakuona sababu ya kuongeza. Na ambaye kipande chake hakikutiwa saini alihesabiwa mtoro. Kipande kilikuwa moja ya malalamiko ya wafanyakazi waliomfuata Harry Thuku. Alipokamatwa Nairobi mwezi Machi 1922, watu walikusanyika kudai aachiliwe, wakapigwa risasi, na wengi wakauawa.

Wala si mambo ya ukoloni tu. Mwaka 2009 ofisi ya serikali ya Uingereza inayolinda habari za watu ilikamata daftari la siri lililotunzwa na shirika lililoitwa The Consulting Association. Lilikuwa na majina ya wafanyakazi wa ujenzi 3,213. Ndani yake iliandikwa nani ni mwanachama wa chama, nani alilalamika juu ya usalama kazini. Makampuni ya ujenzi yalilipa ili kuuliza jina kabla ya kuajiri. Wengi walikosa kazi kwa miaka bila kujua sababu.

Kwa hiyo kisanduku cha ziada ni kama panga. Hupalilia, na pia hukata. Kipimo chetu kiwe hiki: kila kisanduku kiwe na haki au kazi ya wazi inayokitegemea. Ukubwa wa mabuti una kazi, maana ghala litajua lilete nini. Lugha ina kazi. Dini haina kazi getini. Kabila halina kazi. Kukatwa ada ya chama kunahitaji habari ya uanachama, lakini mahali pake ni orodha ya mishahara, kwa idhini ya mwanachama mwenyewe. Si katika daftari ambalo kila msimamizi analisoma.

7. SHERIA INASEMAJE

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Habari Binafsi na Faragha ya mwaka 2019. Chini yake, mwenye kukusanya habari hana budi kumweleza mtu anazikusanya kwa ajili gani. Mtu ana haki ya kuuliza ni habari gani zake zinazotunzwa, na kutaka zilizokosewa zirekebishwe. Sheria inazuia kwa jumla, isipokuwa kwa sababu maalum, kukusanya habari za imani ya dini, mawazo ya siasa, maisha ya kimapenzi, fedha na afya ya mtu. Kuna Ofisi ya Ulinzi wa Habari Binafsi inayopokea malalamiko.

Tutambue pengo moja. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2018 zinataja uanachama wa chama cha wafanyakazi kuwa habari ya kulindwa kwa namna ya pekee. Orodha ya sheria yetu haiutaji kwa jina. Basi ulinzi huo tuutafute katika makubaliano ya pamoja tunayotia saini na waajiri.

Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya ajira yake kwa maandishi, pamoja na tarehe ya kuanza na mshahara. Maelezo hayo na ukurasa wa kompyuta lazima yaseme jambo moja.

8. KAZI YA TAWI

Katibu wa tawi na wajumbe wa kamati wapeleke mambo haya kwenye kikao na mwajiri:

Kwanza, kila mfanyakazi mpya apewe siku ya kwanza karatasi iliyotolewa na daftari lenyewe, si nakala ya fomu. Fomu huonyesha aliyoyasema. Karatasi ya daftari huonyesha yaliyofika.

Pili, visanduku vya tarehe ya kuanza kazi, aina ya ajira, aina na namba ya kitambulisho, namba ya NSSF na lugha vifanywe vya lazima katika programu ya kampuni. Ambaye hana namba ya NSSF bado, iandikwe wazi kwamba inangojewa, na nani anaifuatilia.

Tatu, pasiwe na jibu la kujijaza lenyewe kwa aina ya ajira. Asiyetajwa asifanywe kibarua na kompyuta.

Nne, akaunti zinapohamishwa au kufunguliwa upya, tarehe za zamani zibebwe, na orodha ya kabla na ya baada zilinganishwe mbele ya mjumbe wa chama.

Tano, kila miezi mitatu liulizwe swali lile: nani hana kisanduku hiki? Idadi isomwe kikaoni, na majina yafanyiwe kazi.

Sita, kila kisanduku kipya kinachohusu mfanyakazi kielezwe kazi yake kabla ya kuongezwa. Kisichokuwa na kazi kiondolewe.

Mambo haya hayagharimu mashine mpya. Mwandishi wa programu huyaongeza kwa mistari michache, akiambiwa. Mara nyingi hajaambiwa, kwa sababu aliyemwagiza si yule anayeumia kisanduku kikikosekana. Kumwambia ni kazi yetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Siku ulipoandikishwa uliulizwa mambo gani? Ni yapi kati ya hayo umewahi kuyaona yameandikwa mahali?

2. Tarehe iliyo kwenye hati yako ya kwanza ya mshahara inalingana na ile mwajiri anayosema ulianza kazi?

3. Katika idara yenu, nani anajaza jedwali la wafanyakazi wapya, na nani aliandika programu inayolisoma? Mmewahi kuzungumza naye?

4. Tajeni kisanduku kimoja kinachokosekana ambacho kingeleta nafuu kazini kwenu. Kisha tajeni kimoja kilichopo ambacho hakina kazi.

5. Mwenzenu amekuja na kitambulisho cha mkimbizi, na kompyuta imekikataa. Mjumbe wa chama afanye nini siku hiyo hiyo, kabla hajashawishika kuazima namba ya mtu?

Majibu ya kila kikundi yaandikwe na kukabidhiwa katibu wa tawi, ili yaingizwe katika ajenda ya kikao kijacho na mwajiri.